Mzunguko wa Mwisho Kololo: Msuli, Neva na Joto la Mwili

Tarehe 26 Machi 2017 viwanja vya Uhuru vya Kololo, jijini Kampala, vilifurika watu. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa yamefika Uganda kwa mara ya kwanza, na siku ilikuwa imewaendea vizuri wenyeji. Jacob Kiplimo, kijana wa miaka 16, alikuwa ameshinda mbio za vijana wa chini ya miaka 20 na kuipatia nchi yake dhahabu ya kwanza ya mchezaji binafsi katika mashindano hayo. Zilipofika mbio za wanaume wakubwa, kilomita 10, Joshua Cheptegei wa Kapchorwa alichomoka kundini akawaacha Wakenya na Waethiopia nyuma. Alikuwa na miaka 20. Mzunguko wa mwisho ulimkuta akiongoza peke yake, na pengo lilionekana kwa macho bila saa ya kupimia.

Ikiwa imebaki chini ya kilomita moja, mwili ukamgeuka. Alianza kuyumba. Hatua zikafupika, magoti yakalegea, na mtu aliyekuwa akikimbia kwa kasi ya kilomita 21 kwa saa akawa anajikokota. Geoffrey Kamworor wa Kenya alimpita na kutwaa taji kwa mara ya pili mfululizo. Wakapita na wengine, mmoja baada ya mwingine, hadi Cheptegei akavuka mstari akiwa wa 30.

Mtazamaji husema “ameishiwa nguvu”, na kwa mazungumzo ya uwanjani kauli hiyo inatosha. Kwa anayetaka kuuelewa mwili, haitoshi hata kidogo. Ni nguvu ipi iliyoisha, na iliishia wapi: kwenye paja, kwenye neva, au kichwani? Mhadhara huu unashikilia kwamba msuli ni kituo cha mwisho tu cha safari ndefu ya amri na taarifa, na kwamba mkimbiaji anayeyumba huwa amepungukiwa na maelewano kati ya vituo hivyo mapema kuliko anavyopungukiwa na nguvu zenyewe. Vipimo vya mwili wa Cheptegei siku ile ni vya madaktari wake. Lakini fiziolojia ya mbio za namna ile inajulikana, na inafaa ijulikane na watu wengi zaidi ya wanaoisomea Chuo Kikuu cha Makerere.

Safari huanzia kwenye gamba la ubongo, hushuka ndani ya uti wa mgongo, na karibu na kiuno hupokelewa na seli ya neva ambayo mkono wake mmoja unafika hadi kwenye msuli wa kigimbi cha mguu. Kwa mtu mzima mkono huo mwembamba, usioonekana kwa macho, unakaribia urefu wa mita moja, na wote ni sehemu ya seli moja. Ujumbe hupita humo kwa kasi ya mita 50 hivi kwa sekunde, maana yake kutoka kiunoni hadi kwenye kigimbi ni sehemu moja ya 50 ya sekunde. Kasi hiyo inatokana na ala ya mafuta inayoizunguka neva, ambayo huufanya ujumbe uruke kutoka pengo moja hadi jingine badala ya kutambaa hatua kwa hatua. Neva zisizo na ala hiyo zipo pia, na kila aliyewahi kujikwaa kidole anazijua: kwanza huja uchungu mkali wa papo hapo, kisha, baada ya kitambo kidogo, maumivu mazito yanayowaka. Hayo ya pili yamesafiri kwa mita moja hivi kwa sekunde.

Ujumbe wenyewe ni chumvi inayohama. Seli ya neva iliyotulia ina potasiamu nyingi ndani na sodiamu nyingi nje, na utando wake una tofauti ya umeme ya milivolti 70 hivi, upande wa ndani ukiwa hasi. Amri inapokuja, vijilango kwenye utando hufunguka, sodiamu huingia kwa kishindo, na kwa muda wa sehemu moja ya elfu ya sekunde upande wa ndani hugeuka kuwa chanya. Mara vijilango vingine hufunguka, potasiamu hutoka, utulivu hurudi. Badiliko la sehemu moja huamsha sehemu inayofuata, na ndivyo ujumbe unavyosonga.

Haya yalijulikana kwa msaada wa ngisi, jamaa wa wale wanaokaangwa jioni Forodhani kule Unguja. Ngisi ana neva nene kiasi cha kufikia milimita moja, inayompa uwezo wa kukimbia hatari, na unene huo uliwawezesha Alan Hodgkin na Andrew Huxley kupenyeza waya ndani yake katika maabara ya Plymouth, Uingereza, mwaka 1939. Vita ikawatawanya. Waliporudi kazini walipima mikondo ya sodiamu na potasiamu, wakaandika milinganyo yake, na mwaka 1952 wakaitoa hadharani. Milinganyo hiyo inafundishwa hadi leo. Tuzo ya Nobel iliwafikia mwaka 1963, wakigawana na John Eccles.

Neva haishikani na msuli. Kati yao kuna mwanya mdogo mno, na umeme hauwezi kuuruka. Neva inapofikiwa na ujumbe humwaga kemikali iitwayo asetilikolini, ambayo huvuka mwanya na kufungua vijilango vya upande wa msuli. Otto Loewi alionyesha mwaka 1921, kwa mioyo ya vyura wawili, kwamba neva husema kwa kemikali: maji yaliyouzunguka moyo uliopunguzwa kasi na neva yake yaliupunguza kasi na moyo wa pili ambao haukuguswa kabisa. Kemikali hiyo haitakiwi kukaa. Kimeng’enya maalumu huikatakata mara moja, ili msuli uwe tayari kwa amri inayofuata.

Wakulima wa nyanya na mboga wanaonyunyizia dawa za kuua wadudu wanakutana na mwanya huu bila kuujua. Dawa nyingi za jamii ya oganofosfeti hukizuia kimeng’enya hicho. Asetilikolini ikibaki bila kukatwa, mboni za macho husinyaa, mate na jasho humwagika, mapafu hujaa ute, na misuli huanza kutetemeka chini ya ngozi, vijipande vyake vikirukaruka bila mpango. Baada ya kutetemeka, hulegea: amri zimekuwa nyingi hadi msuli hauwezi tena kuitikia. Daktari wa wodi ya dharura huchoma sindano ya atropini, nayo hukausha mapafu na kuuinua moyo uliopungua mapigo. Misuli ya kupumua haiisaidii, kwa sababu mlango wa asetilikolini kwenye misuli hiyo ni wa aina nyingine. Ndiyo maana mgonjwa anayeonekana kupata nafuu anaweza kuhitaji mashine ya kupumulia kesho yake, na ndiyo maana kumrudisha nyumbani mapema ni hatari.

Kutoka kwenye mwanya, ujumbe huenea juu ya utando wa msuli na kuzama ndani kupitia vimirija vyembamba. Humo hukuta ghala za kalsiamu. Ghala hufunguka, kalsiamu humwagika, na hapo ndipo msuli unapokaza. Ndani ya kila uzi wa msuli kuna nyuzi nyembamba za aktini na nyuzi nene za miosini, zimepangwa sambamba. Miosini ina vichwa vingi. Kalsiamu inaposogeza protini zinazoifunika aktini, vichwa hivyo hushika, huvuta, huachia, hushika tena mbele. Wavuvi wa Ggaba wanapovuta kamba ya wavu kutoka ziwani, mkono mmoja ukishika huku mwingine ukisogea, kamba haifupiki, inahama tu. Nyuzi za msuli nazo hazifupiki. Zinateleza moja juu ya nyingine, na msuli mzima ndio unaofupika. Jambo hili lilitangazwa mwezi Mei 1954 katika jarida la Nature, katika makala mbili zilizokaa jirani: moja ya Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, ya pili ya Hugh Huxley na Jean Hanson. Akina Huxley hao wawili hawakuwa na undugu.

Kila mvuto wa kichwa kimoja ni wa chini ya sehemu moja ya elfu ya upana wa unywele, na kila mvuto hulipiwa na molekuli moja ya ATP, sarafu ya nishati ya mwili. Kinachosahaulika mara nyingi ni kwamba kuachia pia kunahitaji ATP. Bila hiyo kichwa cha miosini hubaki kimeng’ang’ania aktini. Maiti hukakamaa saa chache baada ya kufa kwa sababu hiyohiyo. Tena, ili msuli ulegee lazima kalsiamu irudishwe ghalani, na pampu zinazoirudisha nazo hula ATP. Kwa hiyo mkimbiaji hulipa anapokaza na hulipa anapolegeza, na katika mbio za dakika 28 hufanya hivyo kwa hatua zipatazo 5,000.

Sasa lirudiwe swali la nguvu iliyoisha. Maelezo mawili hutolewa haraka, na yote mawili ni mepesi mno.

La kwanza ni kwamba chakula cha msuli kimekwisha. Msuli wa mkimbiaji aliyekula vizuri hubeba glaikojeni, yaani sukari iliyohifadhiwa, ya kutosha mbio za zaidi ya saa moja. Nusu saa haiwezi kuimaliza. Wanaoishiwa glaikojeni ni wakimbiaji wa maratoni, baada ya kilomita 30 hivi. La pili ni asidi ya laktiki. Lawama hii ina umri mkubwa. Ilipata nguvu kutokana na kazi za A. V. Hill na Otto Meyerhof, waliotunukiwa Nobel ya mwaka 1922, na makocha wameirithishana kizazi hadi kizazi. Utafiti wa miongo ya karibuni umeipunguzia hatia sana. Katika joto la kawaida la mwili, asidi hudhoofisha msuli kwa kiasi kidogo kuliko ilivyodhaniwa, na laktiki yenyewe huchukuliwa na damu na kuwa chakula cha moyo na cha misuli mingine. Maumivu ya kesho yake hayatokani nayo pia, maana huwa imeshaondoka ndani ya saa moja hivi. Hutokana na majeraha madogomadogo ya nyuzi za msuli. Inasikitisha kwamba mtoto wa shule bado anafundishwa kinyume chake uwanjani.

Washukiwa halisi ndani ya msuli ni watatu. Potasiamu inayotoka kwa kila ujumbe hujikusanya nje ya utando, hasa ndani ya vile vimirija vyembamba, na utando huwa mzito kuamka. Fosfeti inayobaki baada ya nishati kutumika huvipunguzia nguvu vichwa vya miosini. Na ghala za kalsiamu huanza kumwaga pungufu. Msuli uliochoka kwa njia hizi bado una ATP ndani yake, na hilo ni jema, kwa kuwa seli iliyoishiwa kabisa hufa. Uchovu wa msuli, kwa sehemu kubwa, ni namna ya kuilinda seli isifike huko.

Hata hivyo msuli uliochoka kwa namna hiyo humfanya mtu apunguze kasi. Haumfanyi ayumbe kama aliyelewa. Kuyumba kunatoka juu zaidi, na hapo ndipo joto linapoingia.

Katika nishati anayotumia mkimbiaji, robo au pungufu ndiyo inayomsogeza mbele. Iliyobaki yote ni joto. Mtu wa kilo 55 anayekimbia kwa kasi ya Kololo huzalisha joto la wati 1,000 hivi. Joto hilo lote likizuiwa lisitoke, joto la mwili litapanda digrii moja kila baada ya dakika tatu. Kinachomwokoa ni jasho, na si jasho linalodondoka bali linalogeuka mvuke: lita moja ikikauka juu ya ngozi huondoka na kilojuli 2,400 hivi. Hewa ikiwa kavu, biashara hiyo huenda vizuri. Hewa ikiwa na unyevu, kama ilivyo Kampala karibu na ziwa wakati wa mvua za Machi, jasho hutiririka hadi chini bila kukauka, na mtu hupoteza maji pasipo kupoa.

Pwani ilikuwa imeshaonyesha hilo miaka kumi kabla. Tarehe 24 Machi 2007 mashindano hayohayo yalifanyika Mombasa, kwenye uwanja wa gofu ulio kando ya bahari. Kenenisa Bekele wa Ethiopia alikuwa bingwa wa mbio ndefu kwa miaka mitano mfululizo, 2002 hadi 2006, na hakuna aliyeonekana kuwa saizi yake. Katika joto na unyevu wa Mombasa, akiwa kwenye mzunguko wa mwisho, aliacha mbio. Zersenay Tadese wa Eritrea akashinda.

Ubongo ni kiungo kinachosumbuka kwa joto upesi kuliko msuli. Watafiti wa Denmark, Lars Nybo na Bodil Nielsen, walilionyesha hilo mwaka 2001 kwa jaribio zuri. Waliwafanyisha watu mazoezi ya baiskeli hadi joto la ndani ya mwili likafika digrii 40, kisha wakawaambia wakaze msuli wa paja kwa nguvu zote kwa dakika mbili. Nguvu ilishuka upesi kuliko walipofanya hivyo wakiwa na joto la kawaida. Lakini walipoichochea neva ya paja kwa umeme kutoka nje, msuli ulitoa nguvu ileile ya siku ya kawaida. Msuli ulikuwa na uwezo, wala watu wale hawakuwa wakitega kazi. Walikuwa wakijitahidi kwa dhati, na ubongo wenye joto haukuweza tena kutuma amri kamili.

Kuna pia upande wa pili, wa taarifa zinazopanda. Mtu hukimbia bila kuitazama miguu yake kwa sababu ndani ya kila msuli kuna vipimo vidogo vinavyoujulisha ubongo urefu wa msuli na kasi inayobadilisha urefu huo. Kwenye kano kuna vingine vinavyopima mvutano. Sikio la ndani huripoti mwinamo wa kichwa, macho huripoti ardhi. Taarifa hizi hukutanishwa kwenye ubongo wa kisogoni, serebelamu, ambako amri ya hatua inayofuata hurekebishwa kabla mguu haujatua. Milango mitatu ya taarifa, na mtu aweza kufunga mmoja akabaki wima: asimame kwa mguu mmoja, kisha afumbe macho, atahisi kifundo cha mguu kikianza kufanya kazi ya macho. Baadhi ya seli za serebelamu hazivumilii joto kabisa. Wapo watu waliopona kiharusi cha joto wakabaki na mwendo wa kuyumba na usemi wa kuburura maisha yao yote, kwa kuwa seli hizo hazikupona pamoja nao. Mkimbiaji wa mbio za nyika, anayepanda na kushuka vilima juu ya nyasi zisizo sawa, hutegemea serebelamu kuliko yule wa barabarani. Ikilegalega, magoti hupokea amri sahihi kwa wakati usio sahihi.

Na ngozi nayo hudanganya. Ngozi hupima joto la nje tu. Vijilango vyake vya joto vilijulikana baada ya David Julius wa California kufuatilia kiini cha ukali wa pilipili. Alikuta kwamba mlango unaofunguliwa na pilipili ndio uleule unaofunguliwa na joto la digrii 43 hivi, na mwaka 2021 akapewa Nobel pamoja na Ardem Patapoutian, aliyegundua milango ya mguso, ambayo mmoja wake unahudumia vile vipimo vya ndani ya misuli. Anayekula rolex, chapati iliyokunjwa na mayai, yenye pilipili nyingi kando ya barabara ya Kampala hutokwa jasho kwa sababu ubongo wake umeambiwa kuna moto. Kinyume chake hutokea kwa mkimbiaji anayejimwagia kikombe cha maji usoni: ngozi husema kumepoa, akaongeza kasi, wakati damu ya ndani bado ina digrii 40.

Kwa hiyo kumhukumu mwanariadha wa aina hii kwamba alikosa moyo ni kumdhulumu. Moyo ndio uliomfikisha pale. Aliyekosa moyo angepunguza kasi mapema na kumaliza salama. Ushahidi kwamba misuli ya Cheptegei haikuwa na kasoro ulikuja baada ya miezi minne na siku chache: Agosti 2017, jijini London, alishika nafasi ya pili duniani katika mita 10,000, nyuma ya Mo Farah wa Uingereza. Mwaka 2019 huko Aarhus, Denmark, kwenye baridi ya Machi, alitwaa taji la mbio za nyika, Kiplimo akiwa wa pili na Kamworor wa tatu. Mwaka 2020 alikimbia mita 5,000 kwa dakika 12:35.36 mjini Monaco na mita 10,000 kwa 26:11.00 mjini Valencia. Rekodi zote mbili alizozivunja zilikuwa za Bekele, yule aliyeshindwa na Mombasa.

Mwanariadha wa kulipwa ana daktari pembeni. Mtoto anayekimbizwa saa saba mchana kwenye siku ya michezo ya shule, akiwa hajanywa maji tangu asubuhi, hana. Mwili huzoea joto: wiki moja hadi mbili za mazoezi ya kila siku katika joto hufanya jasho lianze mapema, liwe jingi, litoke na chumvi kidogo, na maji ya damu yaongezeke. Mtoto aliyekaa darasani muhula mzima hajapata wiki hizo. Mbio zake zinaweza kupangwa saa moja asubuhi bila gharama yoyote, na ni vigumu kuona sababu ya kutofanya hivyo.

Na akianguka huku akisema maneno yasiyoeleweka, dakika 30 za kwanza ndizo zinazoamua. Avuliwe nguo nzito na azamishwe hadi shingoni kwenye maji baridi, kichwa kikishikiliwa juu, maji yakikorogwa. Pasipo na chombo kikubwa, amwagiwe ndoo baada ya ndoo huku akipepewa. Kupoza kunatangulia, gari la kwenda hospitali linafuata. Asinyweshwe kitu akiwa amechanganyikiwa. Panadol haisaidii hapa: dawa hiyo hushusha homa, yaani joto ambalo ubongo wenyewe umeliamuru, na hili halikuamriwa na ubongo. Kipimajoto cha kwapani au cha kwenye paji la uso kinaweza kuonyesha digrii 38 wakati ndani kuna 41. Kinachoaminika ni kile cha njia ya haja kubwa, na kama hakipo, kuchanganyikiwa kwa mtoto aliyekuwa akikimbia kunatosha kuanza kumwagia maji.